Herufi Yenye Nukta Mbili

Thunder Bay, mwezi wa pili,
nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Mvuke wa mashine za kufulia umeganda dirishani kama ukoko wa wali,
na mimi, karani mgeni wa mashuka ya hospitali,
nakimbiza kipanya mezani kama anayefukuza inzi.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," nilimwambia Pirjo siku hiyo,
kisha nikamfasiria. Alicheka mpaka akavua miwani.
"Kumbe mnajua," akasema,
akakishika kidole changu gumba, akakilaza kwenye kitufe chenye dirisha,
cha shahada akakipeleka kwenye V.

Orodha ikachomoza.
Kila nilichonakili tangu asubuhi kilikuwa pale, kimepanga foleni:
foronya mia mbili za wodi ya wazazi,
namba ya lori,
anwani ya hoteli iliyofilisika bila kurudisha taulo zetu.
Miaka sita niliamini kompyuta hukumbuka jambo moja tu,
ukinakili la pili, la kwanza limekwenda na maji.
Miaka sita narudi nyuma, faili hadi faili,
kuokota nilichokuwa nacho mkononi.

Pirjo Lahtinen, miaka thelathini na mmoja kwenye kiti kile,
hakugusa kipanya ila kukifuta vumbi.
Kwa mishale tu alizisukuma kurasa, moja kushoto, moja kulia,
ankara huku, stoo kule, kama wake wenza waliopatanishwa.
Aliandika herufi tatu, zikajifungua sentensi nzima
ya kuomba radhi kwamba barabara imefungwa na theluji.
Na nyuma ya meza yake ya kwenye skrini aliificha meza ya pili:
meneja akipita, ankara;
akishapita, bei za majiko ya sauna.

Sikuandika popote haya yote.
Nilidhani yupo.

Machi akastaafu. Tukala keki, tukasaini kadi.
Jumatatu nikakalia kiti chake, bado kina bonde la umbo lake,
nikabonyeza vitufe vyetu viwili.
Mashine ilikuwa imezimwa wikendi nzima, orodha imefagiwa,
isipokuwa vile alivyovibana kwa pini.
Akiba haiozi:
namba ya fundi wa boila;
*Tafadhali hesabuni taulo kabla ya kulalamika;*
na chini kabisa, peke yake,
ä

Kibodi yetu haina herufi hiyo.
Nikaitazama kwa muda, nikakumbuka Ijumaa zake,
saa kumi na moja kasorobo, koti limeshavaliwa,
barua pepe ya mwisho kwa dada yake aliyeko Kuopio.
Päivi.
Hakutaka jina la ndugu yake livuke bahari
likiwa limekatwa masikio.

Nilianza ripoti ya siku. Nikatia jina langu chini,
nikasubiri mstari mwekundu.
Kila ofisi niliyofanya kazi katika nchi hii
mashine ililipigia Mwajabu mstari,
kama mwalimu mwenye hasira na kalamu mpya.
Safari hii hakuna.
Nikaandika tena, polepole. Hakuna.

Nikaifungua kamusi ya ndani, ile ambayo mtu huongeza maneno kwa mkono wake,
nikayakuta yamejipanga kwa alfabeti:
*Lahtinen.*
*Mwajabu.*
*Päivi.*

Hakuniambia. Huenda ilikuwa wiki yangu ya kwanza,
nilipokuwa bado namwita "madam"
naye hajui bado kulitamka jina aliloliruhusu kupita.

Lori likapiga honi uani. Foronya zinasubiriwa.
Nikamwandikia mistari miwili, ya haraka:
boila inakoroma tena; na dada yako, hajambo?
Jina la dada nililiandika mwenyewe,
nikaibandika herufi yake mahali pake,
masikio mawili, wima.